Utamu Uliokatwa na Santuri

Msomaji, wewe unayejigamba kwamba waujua "Sina Makosa" wa Les Wanyika kwa kuusikia ndani ya matatu ya Nakuru, hebu niambie: uliwahi kuusikia jukwaani?

Bendi hiyo ilizaliwa Nairobi mwaka 1978, wanamuziki kadhaa walipojitoa Simba Wanyika. Enzi hizo santuri ndogo ilibeba dakika chache tu kila upande. Nyimbo nyingi zilikatwa katikati. Ukitaka utamu uliobaki, geuza! Ukumbini hakukuwa na kugeuza.

Mzee mmoja jirani yangu hapa Section 58 aliteketeza mshahara wake kumpeleka mkewe Nairobi kuwaona. Anasema Profesa Omari Shabani alipolishika gitaa la rithimu, naye Tom Malanga akamjibu kwa besi, yeye alisahau hata soda yake. (Soda, kwa maneno yake!) Hakucheza. Alisimama akitazama vidole tu. Mama alimnunia hadi Nakuru.

Omari alifariki 1998, mwimbaji John Ngereza mwaka 2000. Siku hizi kijana wao, mwanafunzi Egerton, humchezea babake wimbo huo kwenye simu. Mzee husikiliza kimya, kisha huuliza, "Mbona umeisha mapema hivi?"