Bondi Yenye Saini Moja
Risala ya madaktari wanaosomea ubingwa kwa Kamati ya Afya ya Seneti

Waheshimiwa Maseneta,

Sisi ni madaktari walioajiriwa na kaunti mbalimbali, na kwa sasa tunasomea ubingwa katika hospitali za rufaa za Nairobi na Eldoret. Miongoni mwetu wamo wa upasuaji, wa uzazi, wa watoto, wa usingizi na wa magonjwa ya akili. Tumekuja kwenu kwa sababu Kifungu cha 96 cha Katiba kimewapa nyinyi kazi ya kuwakilisha kaunti na kulinda maslahi yake, nalo shauri letu limekwama pale ambapo kaunti na Serikali ya Kitaifa hutupiana mpira. Wenzetu wengine walitaka tuanze na kilio. Tukakubaliana tuanze na hesabu.

Daktari anayetaka kusomea ubingwa huku akiendelea kupata mshahara hupewa fomu ya bondi. Akitia saini, ameahidi kwamba akihitimu atarudi kuitumikia kaunti iliyomtuma kwa muda unaopimwa kwa urefu wa masomo yake, na kwamba akiondoka kabla ya muda huo atarudisha gharama. Masomo ya upasuaji huchukua miaka mitano. Anayeingia akiwa na miaka thelathini na ushei anajua kwamba huenda akaipita arobaini kabla ya kuwa huru kuchagua pa kufanyia kazi.

Hatukuja kupinga deni. Wengi wetu tumetoka katika kaunti zinazohitaji mabingwa, na tunajua mama mwenye uchungu uliokwama huko Hola hana la kufanya ila kusubiri gari la kumfikisha Garissa au Malindi. Tunajua pia kwamba mabingwa wamerundikana Nairobi, Mombasa na Eldoret, na kwamba soko peke yake halitampeleka daktari wa usingizi Lodwar. Serikali inayolipa ina haki ya kudai kitu. Tunachouliza ni kitu gani, kwa kiasi gani, na yeye anayedai ametoa nini.

Hapo ndipo hesabu inapopotoka. Katika fomu ya bondi, mshahara tunaolipwa miaka ya masomo umeandikwa kana kwamba ni msaada, sawa na karo. Ukiisoma unaweza kudhani tumekaa maktaba miaka yote. Mwulize yeyote aliyefikishwa katika hospitali kubwa ya rufaa saa nane usiku, mguu umevunjika au mtoto ana degedege: ni nani aliyempokea? Bingwa mkuu huwa amepigiwa simu nyumbani. Aliyemshika mgonjwa, akamfungulia mshipa, akaomba damu, akasukuma kitanda mwenyewe hadi chumba cha picha kwa kuwa mhudumu alikuwa mmoja kwa wodi tatu, ni daktari anayesomea ubingwa. Asubuhi yake huyo huyo alizungukia wodi na walimu wake, kisha akaingia kliniki. Katika wodi hizo wamo pia wenzetu waliojilipia karo, wanaofanya kazi ileile, kwa zamu zilezile, bila mshahara wowote. Sisi na wao tunapogoma, kliniki hufungwa na orodha za upasuaji huahirishwa. Mtu ambaye akikosekana siku moja hospitali inayumba hawezi kuwa mwanafunzi tu siku ya kuhesabiwa deni lake.

Kwa hiyo bondi imekuwa kama daftari la duka linaloandika mikopo na kuacha kuandika malipo. Dai letu la kwanza, na ndilo kubwa kuliko yote yanayofuata, ni kwamba miaka ya kazi wodini wakati wa mafunzo ihesabiwe kuwa utumishi. Kama si yote, basi sehemu yake iliyoandikwa wazi katika mkataba. Tumesikia jibu kwamba kazi hiyo hufanyiwa hospitali ya taifa ilhali mlipaji ni kaunti. Wagonjwa wanaolala katika vitanda hivyo wametoka wapi, kama si katika kaunti?

La pili linahusu saini. Bondi ina sehemu ya daktari na sehemu ya mwajiri, lakini wajibu wote umeandikwa upande mmoja. Daktari atarudi, atatumikia, atalipa. Kaunti haikuahidi kwamba atakaporudi itakuwepo nafasi ya bingwa, wala daraja la mshahara linalolingana na shahada yake, wala chumba cha upasuaji. Tunao wenzetu waliohitimu wakarejea na kupangiwa kazi ileile ya daktari wa kawaida waliyoiacha, kwa mshahara uleule, kwa maelezo kwamba bajeti ya nafasi za juu haijapitishwa. Mmoja wao ni mpasuaji wa mifupa, naye hutumia siku zake kuandikia dawa za malaria katika kliniki ya wagonjwa wa nje. Mkono wa mpasuaji usiposhika kisu kwa miaka miwili hupoteza wepesi, na wepesi huo ndio uliogharimiwa. Bondi ya namna hiyo inamrudisha daktari na kuuacha ubingwa njiani.

Mtatuwia radhi tukisema kwamba tunaijua thamani ya saini ya serikali. Mkataba wa pamoja wa madaktari ulitiwa saini Juni 2013. Ulipodaiwa, tuliambiwa haukufuata utaratibu na hauwezi kutekelezwa. Ukazaa mgomo wa siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, na viongozi wa chama chetu cha madaktari wakalala jela. Mkataba uliofuata, wa 2017, uliweka malipo ya madaktari wanagenzi kuwa Sh206,400 kwa mwezi. Mwaka 2024 serikali ikatangaza Sh70,000, na madaktari wakagoma tena kuanzia Machi hadi Mei kabla ya mazungumzo mengine marefu. Saini ya mwajiri, basi, hufunguka kila bajeti inapobana. Saini ya daktari wa miaka thelathini, aliyeitia kwa haraka kwa sababu muhula unaanza Jumatatu, ndiyo peke yake inayopaswa kusimama kama msumari.

Kuhusu vifaa, nyinyi mnajua kuliko sisi. Mwaka 2015 Serikali ya Kitaifa ilianzisha mpango wa kukodi mitambo ya hospitali 98, wa Sh38 bilioni. Kamati maalum ya Seneti hii hii iliuchunguza, na ripoti yake ya 2020 ilieleza mitambo iliyokuwa imekaa bure kwa kukosa umeme, maji, au mtu wa kuiendesha. Upande mmoja, mashine bila bingwa. Upande wa pili, bingwa bila mashine. Kisha Juni 2018 wakaletwa madaktari 100 kutoka Kuba kuja kuziba pengo, ilhali chama chetu kilikuwa kikisema kwamba mabingwa Wakenya wapo na hawajapangiwa kazi ya ubingwa wao. Hatuna ugomvi na Wakuba. Walifanya kazi, na wawili wao walitekwa nyara Mandera Aprili 2019 wakiwa njiani kwenda hospitalini. Tunalitaja jambo lao kwa sababu mbili. Kwanza, kwamba tatizo halijawahi kuwa uhaba wa saini za Wakenya. Pili, kwamba wapo wenzetu waliofungwa na bondi katika maeneo hayo hayo, na hakuna kifungu hata kimoja katika bondi zao kinachosema nani atawasindikiza kazini, au bondi inakuwaje barabara ikishakuwa ya hatari.

Tuje kwenye uhamisho. Tangu afya igatuliwe 2013, kila kaunti ni mwajiri anayejitegemea, na bondi ya kaunti moja haitambuliki kwa jirani yake. Kuna mume na mke miongoni mwetu, wote madaktari: mume kafungwa na kaunti ya magharibi, mke kafungwa na kaunti ya Pwani. Walioana wakiwa wanagenzi, na sasa wanalea mtoto kwa zamu na kwa nauli za basi la usiku. Hakuna kaunti kati ya hizo mbili iliyo tayari kumwachilia mmoja, ingawa nchi ni moja na mgonjwa ni yuleyule. Sheria ya Afya ya 2017 iliunda baraza la ushauri kuhusu wahudumu wa afya, na miongoni mwa kazi zake ikataja uhamisho kutoka kaunti moja hadi nyingine na mzunguko wa madaktari bingwa. Jambo hili lilishafikiriwa, likaandikwa, likapigwa muhuri. Tunadai litumike: bondi iwe deni kwa umma wa Kenya, na daktari aweze kulilipa katika kaunti yoyote yenye uhitaji wa ubingwa wake, kaunti hizo mbili zikimalizana zenyewe kuhusu gharama.

Lipo pia suala la kujinunua. Anayetaka kuondoka kabla ya muda hulipa, na katika baadhi ya kaunti hudaiwa kiasi chote hata kama ametumikia karibu muda wote. Hospitali binafsi zenye uwezo huwalipia mabingwa zinaowataka, kisha mambo yakaisha. Anayebaki ni yule ambaye ubingwa wake hauna soko, au asiye na mtu wa kumlipia. Mfumo wa aina hii hauwabakizi mabingwa vijijini. Unawachuja tu kwa fedha. Tunadai malipo yapungue kwa kila mwezi uliotumikiwa, na anayeondoka kwa sababu ya ugonjwa, vitisho au mwajiri kushindwa kumlipa mshahara asidaiwe chochote. Mwajiri akikaa miezi bila kulipa mshahara, ni yeye aliyevunja mkataba.

Kwa haki, tutaje hoja ya upande wa pili. Nchini India, ambako wagonjwa wetu wengi wenye uwezo huenda kutibiwa, madaktari walizipeleka mahakamani bondi zilizowekwa na majimbo, na Agosti 2019 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba bondi hizo ni halali. Hatutarajii mahakama zetu ziseme tofauti, wala hatutaki kuziita bondi utumwa. Neno hilo tumewaachia walioupitia. Lakini mahakama hiyo hiyo iliyowakatalia madaktari hao iliona pia ugumu wa masharti yanayotofautiana jimbo kwa jimbo, ikaishauri serikali kuu iweke sera moja. Hata aliyeshinda kesi aliambiwa apange nyumba yake.

Tunaiomba Kamati yenu, basi, imwite Waziri wa Afya na Baraza la Magavana waeleze kwa nini hakuna fomu moja ya bondi kwa nchi nzima. Fomu hiyo ieleze wajibu wa mwajiri kwa undani uleule ambao inaeleza nao wajibu wa daktari: nafasi ya bingwa, daraja la mshahara tangu siku ya kurejea, na vifaa vya chini kabisa vya fani husika. Daktari akirejea na nafasi hiyo isiwepo kwa miezi sita, awe huru. Ieleze muda wa kazi wodini utakaohesabiwa. Isiwahusu waliojilipia karo wakiwa katika likizo bila malipo, kwani wapo waliotakiwa watie saini ili tu wapewe barua ya ruhusa, nasi hatujaona mantiki ya kudai fedha ambazo hazikutolewa. Na kila anayetia saini apewe nakala yake siku hiyo hiyo. Dai hili la mwisho ni dogo hadi tunaona haya kulileta mbele ya Seneti, ila wapo kati yetu waliofungwa na karatasi wasiyowahi kuiona tena.

Wenzetu wanaoanza masomo muhula ujao wameshapokea fomu zao. Hatujawashauri wakatae kutia saini. Tumewashauri waambatishe nakala ya risala hii kwenye kila fomu, waandike pembeni kwamba wanakubali kutumikia kwa masharti yaliyotajwa humu, na wadai afisa wa kaunti apige muhuri hati zote mbili mbele yao.