Zawadi ya Safari Kutoka Japani



Kwetu msafiri harudi mikono mitupu. Hata aliyekwenda wilaya ya pili kwa siku mbili hupokewa mlangoni na watoto wanaotazama mfuko kabla ya kutazama uso. Wajapani nao wana desturi hiyo, tena wana neno lake: omiyage. Mtu akisafiri, hata kama ni kwa kazi, huwaletea jamaa na wafanyakazi wenzake kitu cha mahali alikokwenda. Mara nyingi ni cha kula, nacho hufungwa kimoja kimoja ili kigawanyike bila ugomvi. Ndiyo maana vituo vikubwa vya treni huko vimejaa maduka ya zawadi, na kila mji una chake. Kyoto ni biskuti za mdalasini ziitwazo yatsuhashi. Nagasaki ni keki ya kasutera, ambayo asili yake ni Wareno waliofika huko katika karne ya 16.

Wako akina mama wa kwetu wanaofika Japani kwa mafunzo ya shirika la JICA, kwa mikutano, au kwa kumfuata mume anayesoma. Wasiokwenda hupata nafasi ya kumwagiza anayekwenda. Basi mwezi huu tutembee pamoja katika maduka hayo, tuone kipi kinafaa nyumbani, kipi kinamaliza fedha tu, na kipi kinataka kufikiriwa mara mbili na mama Mkristo.

Tuanze na la bei nafuu

Mwenye fedha kidogo aanzie duka la yeni mia. Karibu kila kitu kilichomo ni yeni 100, na ukiongeza kodi ya mauzo ni 110. Utakuta vijiti vya kulia, vibakuli, bahasha za maua, sindano na nyuzi. Bei haina maelewano, na fedha huwekwa katika kisahani kilicho mbele ya mwuzaji, si mkononi mwake. Lakini geuza kitu usome chini yake, kwa kuwa vingi katika maduka haya hutengenezwa nje ya Japani. Si vizuri kubeba kitu kilomita maelfu, kisha ukakikuta sokoni kwenu.

Kitambaa kimoja, kazi nyingi

Tukiulizwa zawadi moja tu ya kumletea mama mwenzetu, tutataja furoshiki. Ni kitambaa cha mraba cha kufungia vitu. Jina lake linahusu kutandika bafuni, kwani zamani watu walifungia nguo zao humo walipokwenda kuoga katika mabafu ya umma. Leo hufungiwa chakula cha mchana, chupa, vitabu, au zawadi ya harusi. Ukijua mafundo mawili matatu, kinakuwa kikapu cha sokoni. Mwanamke aliyezoea kufunga mzigo kwa khanga hahitaji kufundishwa. Tena Japani na khanga ni marafiki wa zamani: kabla viwanda vyetu havijaanza, sehemu ya khanga zilizouzwa pwani ya Afrika Mashariki zilichapwa huko.

Ndugu yake ni tenugui, kitambaa chembamba cha pamba chenye urefu wa kama sentimita 90 na upana wa 35. Ncha zake hazipindwi, nayo si kasoro: maji hayajikusanyi kwenye pindo, kwa hiyo hukauka upesi. Hufutia vyombo, hufunga kichwa, na huning'inizwa ukutani kama picha. Ni chepesi, hakivunjiki, na sita zake huingia katika mfuko wa koti.

Akina mama wengi wanamkumbuka Profesa Wangari Maathai wa Kenya, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Mwaka 2005 alipozuru Japani alijifunza neno mottainai, analosema bibi wa Kijapani anapoona chakula kikitupwa au nguo nzima ikichanwa. Maana yake ni uchungu wa kuona kitu chema kikipotea bure. Profesa alilipenda, akalihubiri duniani pamoja na upandaji wake wa miti. Mwaka uliofuata, waziri wa mazingira wa Japani, Bi. Yuriko Koike, alitoa furoshiki ya nyuzi za chupa za plastiki zilizotumika, akaipa jina hilohilo. Mama aliyefundishwa kutotupa kipande cha mkate anaelewa habari hiyo mara moja.

Mtaa wa vyombo vya jikoni

Katika Tokyo uko mtaa wa Kappabashi, karibu na Asakusa, wenye maduka zaidi ya mia moja ya vyombo vya jikoni. Hapa ndipo wenye mikahawa hununua visu, masufuria na mabakuli. Pia huuzwa vyakula vya bandia: tambi zinazoning'inia kwenye uma, samaki, hata yai la kukaanga, vyote vya kuweka dirishani ili mteja aone atakachokula. Kazi hiyo ilikuzwa na Bw. Takizo Iwasaki wa Gujo Hachiman, aliyeanzisha biashara yake Osaka mwaka 1932, akitumia nta. Siku hizi hutumika plastiki. Watoto watacheka sana, lakini kisu kizuri cha jikoni kitakaa nawe miaka ishirini. Kumbuka tu kukiweka katika sanduku linaloingia tumboni mwa ndege.

Mwenye nafasi afike pia Komaba, katika jumba la makumbusho la Nihon Mingeikan, lililofunguliwa mwaka 1936 na Bw. Soetsu Yanagi. Yeye aliamini kwamba uzuri hasa umo katika bakuli la kila siku, lililofinyangwa na mtu asiyejulikana kwa ajili ya kutumika. Ni fundisho jema kwetu tunaofungia vyombo vizuri katika kabati la vioo tukimngoja mgeni, huku watoto wetu wanakunywa chai katika kopo lililopasuka.

Sanamu, paka na hirizi

Sasa tufike penye ugumu. Katika kila mtaa wa zawadi utaona vitu vitatu. Cha kwanza ni kokeshi, mwanasesere wa mti aliyekerezwa, asiye na mikono wala miguu, wa mkoa wa kaskazini wa Tohoku. Huyu ni mwanasesere tu, mpelekee binti yako. Cha pili ni daruma, kichwa chekundu cha karatasi chenye macho meupe, kinachomkumbusha mtawa wa Kibudha Bodhidharma. Mwenye nia ya jambo humtia wino jicho moja, na likitimia humtia la pili, kisha humrudisha hekaluni achomwe. Karibu naye yuko paka aliyeinua mkono kuita wateja na fedha. Cha tatu ni omamori, kifuko cha hariri kinachouzwa mahekaluni kwa ajili ya kuzaa salama, kufaulu mtihani au kuepuka ajali.

Wengine watasema ni pambo tu. Mtume Paulo aliulizwa jambo la namna hii na Wakorintho, nalo limo katika sura ya 10 ya waraka wake wa kwanza. Aliwaambia wanunue nyama sokoni bila kuhojihoji, lakini mtu akiwajulisha kuwa imetolewa kwa sanamu, waiache kwa ajili ya dhamiri ya huyo mtu. Kwa hiyo tusiogope duka. Lakini omamori ni hirizi, na wenyewe hawafichi. Sisi tunaomkataza jirani hirizi ya mganga hatuwezi kuning'iniza nyingine ndani ya gari kwa sababu imeshonwa vizuri. Na yule dada aliyeokoka juzi, akachoma zake zote, akija sebuleni kwako na kumkuta paka wa kuita bahati, atajifunza nini?

Wakristo wa Japani wanajua uzito wa vitu vidogo. Dini yao ilipigwa marufuku nchi nzima mwaka 1614, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi 1873. Familia za huko Nagasaki ziliomba kwa siri mbele ya vijisanamu vilivyofanana na vya Kibudha, moyoni wakimkumbuka Maria na mwanawe. Mwaka 1865 kikundi kutoka kijiji cha Urakami kiliingia katika kanisa jipya la Oura, na mwanamke mmoja akamnong'oneza padri kwamba mioyo yao na wake ni mmoja. Wazazi walikuwa wamerithisha imani majumbani kwa zaidi ya miaka mia mbili. Picha ya kanisa hilo ni zawadi njema kwa darasa la Shule ya Jumapili.

Ya watoto

Paka Hello Kitty alibuniwa na kampuni ya Sanrio mwaka 1974, na kitu chake cha kwanza kilikuwa kipochi kidogo cha sarafu. Hana neno. Angalia zaidi mashine za gachapon: unatia sarafu, mara nyingi yeni 300 hadi 500, unazungusha, na yai la plastiki linatoka bila wewe kujua lina nini. Mtoto hatatosheka na moja, kwa kuwa anatafuta seti nzima. Panga idadi kabla hamjafika, na ikiisha imekwisha.

Mwenye kijana apendaye katuni atapelekwa Nakano Broadway, jengo la mwaka 1966 lenye vijiduka vingi vya vitabu na midoli ya zamani. Fahamu kwamba si kila kitabu cha picha ni cha watoto. Viko vya watu wazima, na rafu zake huandikwa 18. Fungua ndani kabla ya kulipa, hata kama jalada ni la kupendeza.

Basi kabla hujafungua mkoba, jiulize: kitatumika? Nitaweza kueleza mbele ya watoto ni kitu gani? Na ada ya shule ya muhula ujao ipo? Kipya kinyemi, lakini safari huisha na nyumba inabaki.

Tukutane tena mwezi ujao. Bwana abariki nyumba zenu.