Zawadi ya watafiti vijana wa kanseri ifike mpaka kwenye mashimo

Kila miaka miwili, hospitali moja kubwa ya kanseri ya New York, Memorial Sloan Kettering, inatoa zawadi yenye kuitwa Paul Marks. Ilianzishwa mwaka wa 2001. Haitolewe kwa wazee wa sayansi wenye majina makubwa. Inapewa watafiti wasiopita miaka 45, na wenye kushinda wanagawana dolari 150 000. Wazo hilo tunalipenda. Kijana njo mwenye nguvu ya kukesha kwenye laboratwari, lakini njo yeye tena mwenye kukosa franga na jina.

Muchimbaji wa Kolwezi, wa Likasi ao wa Kipushi atauliza: mambo ya New York yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu, kwa sababu kanseri ya mapafu ilijulikana kwanza kama ugonjwa wa kazi ndani ya mashimo ya madini. Huko Schneeberg, katika Ujerumani, watu walichimba feza, kisha kobalti. Kwa miaka mingi sana wachimbaji walikufa na ugonjwa wa kifua, na watu waliuita tu ugonjwa wa mulima. Mwaka wa 1879, waganga wawili, Härting na Hesse, waliandika kama ile ilikuwa kanseri ya mapafu. Hesse alikuwa na miaka 32. Walifuata wachimbaji, wakahesabu wafu, wakapasua maiti na kuangalia. Nyuma yao, wengine walikuja kujua kama gazi ya radoni, yenye kutoka katika mawe yenye iraniumu, njo ilikuwa inaua wale watu.

Sasa tuangalie kwetu. Mawe ya iraniumu ya Shinkolobwe yalijulikana mwaka wa 1915. Tangu 1922, huko Olen katika Ubelgiji, walitoa radiumu katika mawe yale, na radiumu ilitumiwa kwa kutunza wagonjwa wa kanseri. Kwa hiyo jiwe letu lilisaidia kutunza kanseri ya wengine. Nani alihesabu mapafu ya wale babu waliolichimba?

Na vumbi ya leo? Kituo cha kimataifa cha utafiti wa kanseri, kule Lyon, kimekwisha kusema wazi kama vumbi ya silika, gazi ya radoni na moshi wa mazutu vinaleta kanseri. Juu ya kobalti yenyewe, wataalamu walikutana mwaka wa 2022, wakaiweka kati ya vitu vyenye kuelekea kuleta kanseri. Haina maana kama kila mwenye kushika kobalti atagonjwa. Maana yake ni kwamba kuko swali kubwa, na jibu lake linapaswa kutafutwa pale watu wanapoivuta kila siku: kwetu.

Watafiti wetu hawakulala. Watu wa Iniversite ya Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven, walipima damu na mukojo wa wakaaji wa Kasulo, kule Kolwezi, mutaa ambamo watu wanachimba kobalti chini ya nyumba zao. Mwaka wa 2018 walitangaza matokeo: kobalti ilikuwa nyingi ndani ya miili, zaidi kwa watoto, na kwa watoto wale kulionekana alama za kuharibika kwa ADN. Ile haiko bado kanseri. Lakini moshi ukionekana, mutu mwenye akili anaenda kuangalia kama kuko moto.

Hapa njo kijana anahitajiwa. Kanseri haikuje kesho yake. Inaweza kungojea miaka makumi mawili ao zaidi. Muchimbaji amekwisha kuacha kazi, amerudia kwao, na familia inasema alilogwa. Mutoto wa Kasulo aliyepimwa akiwa na miaka 7, nani atamufuata mpaka afike 40? Profesa mwenye kukaribia pansio hataona mwisho wa kazi hiyo. Atauona paka yule mwenye kuianza akiwa kijana.

Wengine watatuambia: acheni mambo ya zawadi, nunueni maski, tieni maji kwenye mashini za kutoboa ili vumbi ilale. Ni kweli, na ile haipaswe kungojea mutafiti yeyote. Lakini maski haimulipe mujane. Katika Marekani, serikali ilianza kufuata afya ya wachimbaji wa iraniumu mwaka wa 1950. Paka mwaka wa 1990 njo sheria ilitoka ya kuwalipa wagonjwa, dolari 100 000 kwa mutu. Pasipo wale waliohesabu wagonjwa na wafu, mwaka kwa mwaka, hakuna tribinali ingewasikiliza. Na kuko haya nyingine katika hadisi ile: wakati wa kupimwa, wachimbaji wale hawakuambiwa hatari yenyewe. Waliwatoa damu, wakawarudisha shimoni.

Njo maana tunaleta ombi hili. Kodi ya madini ya 2018 inalazimisha kila kampuni yenye kuchimba kutoa angalau 0,3 % ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. Wenye kusimamia franga hiyo, pamoja na wawakilishi wetu walio mule ndani, waweke sehemu ndogo kwa zawadi ya kila mwaka: kijana mumoja, muke ao mume, mwenye kutafuta juu ya kanseri na kazi ya madini. Wenye kumuchagua wasiwe watu wa kampuni. Franga nyingi iende kwa kazi yake, si kwa karamu na picha. Na zaidi ya yote, mushindi arudi mutaani, asimame mbele ya watu aliowapima, awaelezee matokeo kwa Kiswahili, mazuri ao mabaya.

Na sisi tufanye sehemu yetu. Wapapa na wamama, kijana wa iniversite akibisha mulangoni na kuuliza muzee alifanya kazi shimo gani, miaka ngapi, alikohoa namna gani, tusimufukuze kama mutu wa polisi. Tuchunge karatasi za kazi na za hospitali. Na mutoto wetu akisema anataka kusoma biyoloji, tusimucheke kama hakuna franga mule ndani. Kwa miaka zaidi ya mia moja tumehesabu tani zenye kutoka katika udongo huu. Wakati umefika wa kuhesabu watu pia.