Mabega Hayachorwi kwa Kukisia

Nimechoka na hizi picha za rangi ya maji zinazouzwa Diani. Mcheza ngoma hana uso, kiuno kimevurugwa, na chini kumeandikwa "Mchezaji wa Kiafrika". Ukiuliza, unajibiwa: huo ni usasa, ndugu yangu, ule ni mwendo.

Mwendo upi? Katika sengenya ya Waduruma na Wadigo, angalia mabega kwanza. Chakacha ndiyo ya kiuno. Ukizichanganya hujachora mwendo, umemwaga rangi tu.

Sisemi rangi isivuke mstari. Mwaka 1906, wachezaji wa Kambodia walipofika Ufaransa, Rodin aliwafuata kutoka Paris hadi Marseille, mzee wa miaka 65, akawachora bila kuchoka. Rangi yake imepita mistari ya penseli, lakini ile mikono bado inacheza. Alivuruga alichokwisha kukitazama.

Sisi je? Kutoka Diani upande Kwale, upite Kinango hadi Samburu, hakuna hata bahari ya kuvuka. Samburu hii yetu ya Waduruma, si ile ya kaskazini. Usije ukatuletea moran anayeruka. Njoo ukae, usikilize ngoma, umuulize mchezaji jina lake, umlipe. Kisha vuruga utakavyo.

Mwenye kucheza akiiona picha aseme: huyu ni mimi, na hii ni sengenya. Kama hawezi, basi chini yake andika ukweli: nimekisia.