Mikoko Imehesabiwa, Michoro Bado

Ukitoka Lunga Lunga kwenda Vanga unapita Jego, na hapo nchi inaanza kujilaza: minazi, miembe, mto Umba unaoleta maji ya milima ya Usambara, kisha mikoko na bahari. Mikoko hiyo imehesabiwa. Mradi wa Vanga Blue Forest, wa wanakijiji wa Vanga, Jimbo na Kiwegu, unatunza hekta 460. Kule Gazi, Mikoko Pamoja imekuwa ikitunza hekta 117 tangu 2013 na kuuza kaboni yake. Ili ilipwe, ilibidi watu waingie topeni na kamba na daftari, wapime mashina na kuandika. Mnunuzi wa kaboni hakubali neno la mdomo.

Mtu aliyeichora mikoko hiyo hiyo hana daftari. Tuseme ni kijana aliyekulia Jego, akajifundisha rangi, akawa anachora hori wakati maji yamekupwa, mitumbwi imelala ubavu. Soko lake liko Diani. Picha inanunuliwa asubuhi, inakunjwa, jioni iko ndani ya ndege. Miaka 30 baadaye amechora mamia, na nyumbani kwake zimebaki mbili, moja imevujiwa na mvua. Akifa, nani ataweza kusema alichora nini? Nauliza kwa sababu jambo hili lilishampata mtu mkubwa kuliko kijana huyo wa mfano.

Sam Joseph Ntiro alizaliwa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923. Alisoma sanaa Makerere, katika shule iliyoanzishwa na Margaret Trowell, akafundisha hapo hapo, kisha akaenda chuo cha sanaa cha Slade jijini London mwanzoni mwa miaka ya 1950. Tanganyika ilipopata uhuru alikuwa balozi wake Uingereza, na baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki 1993. Maisha yote alichora kitu kimoja: nchi ya kwao. Miteremko, migomba, miti yenye vichwa vya mviringo, na watu wadogo wadogo wakifanya kazi pamoja chini ya mlima. Alikuwa mbali na Machame alipochora nyingi kati ya hizo, na mimi huziona kama barua za mtu anayeogopa kusahau njia ya kwenda kwao.

Kazi hizo ziko wapi? Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York inayo moja ya mwaka 1956. Nyingine zilikusanywa na taasisi ya Marekani iliyoitwa Harmon Foundation. Ilipofungwa mwaka 1967 makusanyo yake ya Afrika yakagawanywa, mengine yakafika vyuo vya Fisk na Hampton. Nyingine ziko kwa watu binafsi, kwenye kuta ambazo mwenye nyumba wa sasa huenda hajui saini ile ni ya nani. Msomi wa Moshi anayetaka kumsoma Ntiro itabidi aanze kwa kuomba viza.

Tena angalia jina la picha ile ya New York. Kwa Kiingereza inasema wanaume wanampelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Mchaga angesema mbege, halafu angeendelea: safari ile ni hatua gani ya ndoa, kwa nini usiku, nani anatangulia, na kilima kile cha nyuma kinaitwaje. Hayo yote hayamo kwenye kadi ya makumbusho. Yamo vichwani mwa wazee wa Machame, na sijasikia kwamba picha hiyo imewahi kupelekwa mbele yao, hata kwa nakala, wakaulizwa.

Mlinganishe Ntiro na Akseli Gallen-Kallela, Mfini aliyefika Nairobi na familia yake mwaka 1909, akakaa zaidi ya mwaka mmoja, akachora nyika na milima yetu zaidi ya mara 100. Nyumba yake ya Tarvaspää, nje ya Helsinki, ni makumbusho tangu 1961. Simwonei kijicho, maana kwao walimthamini wakafanya kazi. Lakini inaniuma kwamba picha za nchi zetu zilizochorwa na mgeni wa mwaka mmoja zina pa kufikia kuliko za mwenyeji aliyechora kwao miaka 40.

Najua majibu yanayotolewa mtu akiomba michoro nayo iorodheshwe. La kwanza ni kwamba kaunti yetu ya Kwale ina shida ya maji, na Vanga hufurika Umba unapojaa, sanaa ingoje. Hoja hii ina uzito, nami sitaki senti itoke kwenye dawa. Lakini Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka makumbusho na maktaba mikononi mwa kaunti. Si fadhila wala anasa, ni kazi waliyokabidhiwa. Na ninachoomba si jengo. Ni simu yenye kamera, futi ya fundi cherehani, na mtu mmoja anayelipwa kuzunguka kutoka Jego hadi Tiwi.

Jibu la pili linanitia wasiwasi zaidi: orodha inaweza kumsaidia mghushi. Akijua picha gani ipo na ina ukubwa gani, ataiga. Ni kweli. Ila mahali pasipo na orodha mghushi hahitaji hata kujua hilo. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 na kupigwa risasi Dar es Salaam mwaka 1972. Miaka minne tu. Leo jina lake linauzwa ufuoni Diani kama jina la bidhaa, kama vile mtu anavyosema kanga au kikoi, na kuzitenga kazi za mkono wake na za wafuasi wake ni kazi ya mabingwa. Wafuasi hao wana haki yao ya kula kwa jasho lao. Yeye pia alikuwa na haki ya kujulikana ni yapi aliyoyafanya.

Hapa kuna fedha pia. Sheria ya Kenya inampa msanii hakimiliki hadi miaka 50 baada ya kifo chake. Warithi wakiona picha ya baba imechapishwa kwenye kalenda ya hoteli, watadai kwa ushahidi gani?

Basi daftari liandikwe mchoraji angali hai. Picha ipigwe mbele na nyuma, kwa sababu nyuma ndiko kuna tarehe, bei na wakati mwingine jina la aliyeiagiza. Ukubwa, rangi, ilikouzwa. Zaidi ya yote, mahali: hori gani, kisima gani, kaya gani, kwa jina wanalolitumia wenyewe kwa Kidigo au Kivumba. Mwuzaji akishaandika “machweo ya Afrika” mahali pamepotea. Na nakala zisikae pamoja. Paa ya Paa, nyumba ya sanaa iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1965, iliungua mwaka 1997, na moto ule ulikula vitu visivyokuwa na nakala popote. Moja ikae Kwale, moja Fort Jesus, moja kwa mchoraji mwenyewe.

Wale waliopima mikoko ya Vanga wako hapo hapo. Wanajua kila hori kwa jina, na kushika daftari wameshazoea.