Mwizi Aitwe Mwizi

Wapo miongoni mwetu wanaoamini kuwa kitabu kikishakuwa na picha nyingi kuliko maneno kimejitoa chenyewe katika fasihi. Na kwamba ikiwa shujaa wa kitabu hicho ni mwizi, na mwizi huyo hakamatwi hata tukifika ukurasa wa mwisho, basi kimejitoa na katika adabu pia. Watu hawa si wajinga, na baadhi yao nawaheshimu. Mmoja wao, mhariri ambaye sitamtaja, aliwahi kunishauri kwa upole kuwa nikitaka kufasiri hadithi za Kijapani zipo za heshima, na kwamba hii niliyomletea ingeweza kupita kwa masharti mawili: neno "mwizi" liondoke katika jina lake, na mwishoni pawekwe adili. Makala haya ni jibu kwa masharti hayo mawili.

Hadithi yenyewe ni Magic Kaito ya Aoyama Gosho, iliyoanza kutoka mwaka 1987 katika jarida la kila wiki la vijana liitwalo Shonen Sunday. Ni manga. Najua kuwa visiwani kwetu Manga ni Uarabuni, na msomaji akiliona neno hili hukumbuka pilipili na majahazi ya kaskazi. Manga ya Wajapani haina nasaba na hiyo. Ni hadithi iliyochorwa hatua kwa hatua, yenye kusomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kama vitabu vya herufi za Kiarabu walivyosomea babu zetu. Kwa hivyo sisi, kuliko Wazungu wengi, hatuna haja ya kufundishwa namna ya kukifungua.

Kuroba Kaito ni mwanafunzi wa sekondari, mtundu, hodari wa mazingaombwe. Baba yake, Toichi, alikuwa bingwa wa fani hiyo, akafa jukwaani katika kilichosemwa kuwa ni ajali. Miaka minane baadaye kijana anasukuma picha kubwa ya baba yake ukutani, picha inageuka kama mlango, na nyuma yake anakuta chumba cha siri na suti nyeupe, kofia ndefu, joho na miwani ya jicho moja. Ndipo anapotambua kuwa baba yake alikuwa ndiye Kid, mwizi wa vito aliyetafutwa na polisi wa nchi nyingi, na kuwa ile haikuwa ajali bali mauaji. Anaivaa suti ili wauaji wadhani mtu waliyemuua hakufa, wajitokeze. Tangu siku hiyo anaiba vito vikubwa, lakini huleta barua kwanza kutangaza siku na saa ya kuiba. Akishakipata kito hukielekeza kwenye mwezi mpevu, akitafuta kimoja kiitwacho Pandora, ambacho wauaji wanakitaka kwa kuamini kwamba kinatoa uhai wa milele. Kaito anakitaka ili akivunje. Kisichokuwa hicho hukirudisha.

Sasa tuje kwenye sharti la kwanza.

Wajapani wana neno kaitō, lenye "o" ya kuvutwa. Huandikwa kwa alama mbili: ya kwanza ni ajabu, jambo lisiloeleweka, ya pili ni kuiba. Ni mwizi anayestaajabisha, mwizi wa mazingaombwe. Fikra hiyo ilipata nguvu Japani kutokana na Arsène Lupin wa Mfaransa Maurice Leblanc, aliyetokea mara ya kwanza katika jarida la Je sais tout mwezi Julai 1905, muungwana wa mchana na mwizi wa usiku. Jina la kijana wetu, Kaito, limeandikwa kwa alama nyingine kabisa, zisizo na wizi ndani yake, lakini kwa sikio linakaribiana na neno hilo kiasi kwamba tofauti ni kule kuvuta irabu ya mwisho tu. Yaani kila mama au mwalimu anapomwita kijana huyu darasani au nyumbani, nusura amtaje mwizi. Maisha mawili yamo ndani ya jina moja, na mwandishi hakuandika hata mstari mmoja wa kulieleza hilo. Mfasiri hawezi kulivusha. Hasara hiyo naikubali. Lakini kwa kuwa upande mmoja wa mzaha umekwisha kuzama baharini, je, tuuzamishe na wa pili kwa hiari yetu, tumwite "Shujaa wa Usiku" au "Bingwa wa Mwezi"?

Si sisi wa kwanza kuona haya. Mwaka 1936 Edogawa Ranpo, baba wa hadithi za upelelezi za Kijapani, alianza kuandika katika jarida la wavulana, Shonen Kurabu, habari za mwizi mwenye sura ishirini. Alikusudia kumwita kaitō. Kwa sababu ya kanuni za maadili za majarida ya watoto wakati ule alama ya kuiba haikuweza kuwekwa katika jina, ikabidi liwe kaijin, yaani "mtu wa ajabu". Alama moja ikaondoka. Na ndani ya kurasa? Yule mtu wa ajabu aliiba kama alivyokusudiwa kuiba, na watoto waliosoma walijua vizuri anafanya nini. Kilichobadilika ni jalada peke yake, na waliotulizwa ni wazee. Nusu karne baadaye Aoyama akaliandika jina zima ndani ya kurasa za kitabu cha vijana, alama ya kuiba ikiwemo.

Mhariri wangu angejibu, na alijibu, kwamba Kiswahili kina njia za kupunguza makali. Tunalo "mwivi", ambalo limekaa zaidi katika ushairi na katika vinywa vya wazee, na halipigiwi kelele barabarani. Ni kweli, na mimi nalipenda neno hilo. Lakini tazama nani analitamka neno katika hadithi hii. Inspekta anayemfukuza Kid ni Nakamori; binti yake, Aoko, ni rafiki wa Kaito tangu utotoni, anakaa naye darasa moja. Aoko anamchukia Kid kwa chuki safi, kwa sababu kila usiku wa wizi ni usiku ambao baba yake hayupo nyumbani na kesho yake atachekwa magazetini. Msichana huyu hatamki neno la kishairi. Anasema mwizi, kama tunavyosema sisi tuliokwisha kuibiwa. Mfasiri akimpa neno la manukato, Aoko anageuka mpumbavu asiyejua analalamikia nini, na Kaito aliyeketi dawati la pili hana cha kumchoma.

Hapa napaswa kuikabili hoja yao nzito, maana hizo nyingine ni za vidole vya miguu. Wanasema: katika miji yetu neno "mwizi" likipazwa sokoni mtu hufa. Umati hukusanyika kwa mawe, kwa marungu, kwa tairi, na aliyekufa huenda aliiba simu, huenda hakuiba kitu. Katika nchi ya namna hiyo, wanauliza, nani ana moyo wa kucheka na mwizi?

Swali ni la haki, ila limeelekezwa kwa kitabu kisichostahili. Umati wa Kid nao hukusanyika. Barua yake ikichapishwa, watu hujaa chini ya jengo, shingo juu, wakisubiri kuona atatokea wapi. Polisi ni wengi mno, wana nyavu, wana mitego, wana kila hila, na hakuna aliyekuja kuua. Wenye bastola za kuua katika hadithi hii ni wale wanaoitafuta Pandora. Mwandishi ametenga anayechukua kitu na anayechukua roho, akaweka kati yao ukuta ambao mtoto wa miaka kumi anauona bila kuambiwa. Umati wetu wa sokoni ndio usiouona. Zaidi ya hapo, maisha mawili yanafanya kazi ambayo hotuba haiwezi: msomaji amekwisha kumjua mwizi kabla hajavaa joho. Amemwona akichelewa shule, akibishana na Aoko, akimkumbuka baba yake. Anapofukuzwa juu ya paa, anayefukuzwa ni huyo wa dawati la pili. Sijui dawa bora ya ule ukelele wa sokoni kuliko kumzoesha mtu, tangu angali mdogo, kuwa aliyeitwa mwizi ana kwao.

Nisifanye kana kwamba kitabu hakina dosari. Sura za mwanzo zina mizaha ya sketi ambayo siitetei. Ni utani wa majarida ya wavulana wa miaka ya themanini na umechacha. Kuna pia mchawi wa kweli, msichana Akako, aliyeingizwa katika hadithi ya viini vya macho kama nazi iliyoangukia ngoma, wapo wanaompenda. Na mwandishi amekuwa mvivu kwa kitabu hiki: tangu alipoanza Detective Conan mwaka 1994, ambayo juzuu lake la 100 lilitoka mwaka 2021, Kid amekuwa mgeni katika hadithi ya mpelelezi kuliko mwenye nyumba yake. Juzuu la tano la Magic Kaito lilitoka mwaka 2017, miaka thelathini baada ya mwanzo. Filamu ya Conan ya mwaka 2024, iliyowekwa Hakodate, ikaongeza balaa: ikaonyesha kuwa Toichi, baba aliyeliliwa, yu hai. Watazamaji walishangilia. Mimi naona deni lote la suti nyeupe limepunguzwa thamani kwa sekunde chache. Mtoto aliyebeba joho la marehemu ni kitu kimoja. Mtoto aliyebeba joho la baba mwenye siri ni kingine, na chepesi zaidi.

Ama sharti la pili, adili, linanishangaza zaidi kwa kutoka kwetu sisi. Abunuwasi aliazima sufuria ya jirani, akairudisha na ndogo yake akisema imezaa, kisha akaiazima tena na kusema imekufa. Sufuria haikurudi. Kwa lugha ya mahakama huo ni wizi, na bibi zetu walitusimulia tukalala tunacheka. Hakuna aliyeamka akaiba sufuria. Tulipompokea mpelelezi kutoka London, Muhammed Said Abdulla alimvalisha akawa Bwana Msa mwenye kiko, na Mzimu wa Watu wa Kale kilichochapishwa mwaka 1960 kingali kinasomwa. Wajapani walimpokea mpelelezi huyo huyo, lakini hawakumwacha Lupin bandarini. Sisi tunaye Abunuwasi wa kumkaribisha, na bado twamwomba huyu wa pili cheti cha tabia njema.

Tena adili hilo lingesema nini? Kwamba mwizi huadhibiwa? Kaito anaadhibiwa kila asubuhi. Ichukueni ile sura ya miadi yao. Polisi wameanza kumshuku kijana. Aoko, ambaye hataki kuamini, anamwalika kwenye bustani ya michezo siku ile ile ambayo Kid ametangaza kuiba, wakae pamoja kutwa, ili iwe ushahidi kwamba rafiki yake si mwizi. Wanapoingia sinema anamfunga pingu, mkono wake na mkono wa Kaito. Hamfungi kwa kumshuku. Anamfunga kwa kumwamini. Kijana, naam, anachomoka, anakwenda kuonekana mbele ya baba mtu kama Kid, na anarudi kwenye kiti kabla taa hazijawashwa. Aoko anafurahi: ameshinda, amethibitisha. Msomaji anacheka kwa ustadi wa mchezo, na wakati huo huo anaona kwamba kijana amemwibia msichana huyu kitu ambacho hakuna usiku wa mwezi atakaoweza kukirudisha. Aoyama haandiki neno juu ya hilo. Anachora uso wa Kaito ukiwa umetulia, kama baba yake alivyomfundisha kuutuliza mbele ya watazamaji. Nani kati yetu atachukua kalamu aandike chini ya uso huo kuwa wizi ni mbaya?

Limebaki jambo moja dogo, ambalo mhariri hakulitaja na ndilo lililonisumbua kuliko masharti yake. Mwizi huyu asiyeogopa ghorofa wala bunduki anaogopa samaki. Si papa, samaki yeyote, hata aliyekufa, na Aoko akimwonyesha mmoja kijana hupiga mayowe na kukimbia. Kwa Mjapani ni kichekesho, maana samaki ni chakula chao cha kila siku. Kwa msomaji wa kisiwani ni zaidi ya kichekesho, ni kashfa. Nilijaribu kutafuta neno kali la kuibeba hofu hiyo, nikaona halihitajiki. Nimeandika "samaki", nikamwacha Aoko amchague, na kwa kuwa picha haionyeshi wazi ni wa aina gani, mimi nimemfanya changu.