Kipimo cha Damu si Hukumu ya Kifo

Wasee, kuna aina ya video imejaa kwa simu zetu. Jamaa amevaa koti jeupe, muziki wa huzuni unapiga nyuma, anasema siku hizi tone la damu likisomwa na akili unde linaweza kutabiri nani atapona na nani atakufa baada ya upasuaji wa moyo. Chini yake komenti ni moto tu na "sayansi imeendelea." Mimi hiyo furaha siielewi. Mtu wa Sio Port akitabiriwa kifo, halafu? Anarudi nyumbani kungoja?

Tuseme ukweli kwanza, ndio nisiitwe adui wa sayansi. Vipimo vya damu kabla ya upasuaji vinasema kitu. Hemoglobini ikiwa chini, hatari inapanda: uwezekano wa kuongezewa damu ni mkubwa, figo huumia zaidi, na wanaokufa huwa wengi kuliko wale ambao damu yao iko sawa. Kreatinini ikiwa juu, figo tayari zinalia. Albumini ikiwa chini, mwili umechoka, labda kwa njaa, kwa ini au kwa ugonjwa wenyewe. Kuna hata kipimo cha BNP, kinachoonyesha moyo umelemewa kiasi gani. Daktari anayepasua kifua bila kuangalia haya anacheza kamari na maisha ya mtu.

Shida yangu iko kwa swali ambalo hakuna mtu anauliza: hesabu hizi zilitengenezwa na damu ya nani?

Chukua EuroSCORE II, moja ya hesabu zinazotumika sana duniani kukadiria nani anaweza kufa baada ya upasuaji wa moyo. Ilichapishwa mwaka wa 2012, kutokana na wagonjwa zaidi ya 22,000, wengi wao wa Ulaya, na umri wao wa wastani ulikuwa kama miaka 65. Sasa linganisha na huku. Mwaka wa 2016 utafiti wa REMEDY ulitoa matokeo ya wagonjwa 3,343 wa moyo wa baridi yabisi, yaani valvu zilizoharibika baada ya homa inayoanzia kwa koo, kutoka nchi 14 zikiwemo Kenya na Uganda. Umri wao wa kati ulikuwa miaka 28. Asilimia 16.9 walikuwa wamekufa ndani ya miaka miwili. Miaka 28, buda! Hiyo ni rika yetu, sio ya guka wa Ujerumani aliyezibwa mishipa na umri.

Na ndani ya hiyo EuroSCORE II, kitu cha damu kilichomo ni kreatinini tu, ya kupima figo. Hemoglobini haimo kabisa. Sasa fikiria msichana wa pwani ya ziwa hapa Samia, hemoglobini yake ni 9, wakati WHO inasema mwanamke asiye na mimba akiwa chini ya 12 ana upungufu wa damu. Kwa mzee wa Ulaya, hiyo 9 inaweza kumaanisha figo zimekufa au kuna saratani inavuja polepole. Kwa huyu msichana inaweza kuwa malaria ya mara kwa mara, minyoo, kichocho cha maji ya ziwa, selimundu, au hedhi nzito na chakula kisicho na madini ya chuma. Namba ni moja, lakini barabara zilizoileta ni tofauti. Mashine isiyojua barabara itampa msichana hukumu ya mzee.

Najua mtanijibu: vitanda ni vichache, madaktari wa moyo ni wachache, lazima wachague nani aingie. Sawa. Kuna mtu ambaye upasuaji utamuua haraka kuliko ugonjwa, na ni haki aambiwe. Pia siwadanganyi kwamba ukipandisha damu hatari inafutika. Wataalamu wenyewe bado wanabishana kama kupandisha hemoglobini kabla ya upasuaji kunapunguza vifo. Lakini malaria inatibiwa hata kama hakuna upasuaji. Minyoo pia. Chuma kinaongezwa. Hakuna mtu anahitaji akili unde ndio aamue kutibu kichocho. Kwa hivyo namba mbaya ikitoka, kazi ya kwanza ni kutafuta sababu, kutibu kinachotibika, na kupima tena. Ukimpa mtu asilimia ya kufa bila kumpa tarehe ya kurudi, umemfukuza kwa lugha ya hesabu.

Halafu kuna mambo ya umbali. Upasuaji wa moyo kwa mtu wa huku ni Eldoret, Tenwek kule Bomet, Nairobi, ama uvuke mpaka hadi Mulago, Kampala, ambako ni karibu kuliko Nairobi. Kwa hivyo familia inafanya harambee, poster inazunguka na namba ya kutuma pesa, ng'ombe anauzwa, watu wanapanda mat usiku. Wakifika huko mbali ndio wanaambiwa damu iko chini, rudini baada ya miezi miwili. Nauli imeisha, na michango haiji mara mbili. Lakini hemoglobini inapimwa kwa tone la kidole ndani ya dakika chache! Hiki ni kitu cha kufanywa Sio Port na Busia, mapema, kabla ya poster ya kwanza. Hospitali hizi ziko chini ya kaunti tangu 2013, kwa hivyo msiambiwe mfungue macho Nairobi. Swali ni la Busia.

Na huo utabiri unaojua kila kitu unasahau kesho yake. Ukiwekewa valvu ya chuma unameza warfarin maisha yako yote, na damu yako lazima ipimwe INR mara kwa mara. Ikiwa nyepesi sana unavuja damu, hata kwa ubongo. Ikiwa nzito sana valvu inaganda. Kijana anaweza kupita upasuaji vizuri kabisa, halafu auliwe na umbali wa maabara. Hesabu gani iliuliza kama INR inapatikana karibu na kwao?

Kama tunapenda utabiri sana, utabiri mzuri kuliko wote uko hapo ng'ambo. Kule Gulu, kaskazini mwa Uganda, watafiti walifuata watoto 818 ambao skani ilionyesha valvu zimeanza kuharibika kimyakimya. Nusu walidungwa penisilini kila wiki nne kwa miaka miwili, wengine hawakudungwa. Matokeo yalitoka 2021: waliozidiwa na ugonjwa ni asilimia 0.8 kwa waliodungwa, na asilimia 8.2 kwa wengine. Sindano ya dawa ya zamani, bila roboti na bila muziki wa huzuni. Huku kwetu mtoto akiumwa koo ananunuliwa tembe nne za antibayotiki kwa chemisti, na akianza kuvimba miguu miaka baadaye tunasema amerogwa.

Kwa hivyo wasee, kama uko kwa kamati ya harambee ya mgonjwa wa moyo, weka mstari wa kwanza wa bajeti: vipimo vya damu hapa hapa, na matibabu ya kile vitakachoonyesha. Daktari akitaja namba, uliza tatu: imesababishwa na nini, inatibika, tunapima tena lini? Na ukiwa na mdogo wako anaumwa koo na homa leo, zima hiyo video umpeleke hospitali.